Acheni Kumsaka Muuguzi Mbaya

Onyesho la benchi tulilirekodi mara saba. Mara sita malori yalituharibia. Fungurume, huku kwetu kusini mwa Congo, imekaa juu ya barabara ya Likasi kwenda Kolwezi, na barabara hiyo hailali: malori ya bamba za shaba na ya magunia ya kobalti yanashuka kuelekea Kasumbalesa, kisha Dar es Salaam au Durban, na kila moja likipita, vioo vya chumba tulichoazima vinatetemeka na maneno ya mwigizaji yanamezwa. Mara ya saba, mama anayeigiza mjamzito hakusubiri tena tumwambie “kata”. Lori lilikuja, akanyamaza katikati ya maneno yake, akalisikiliza mpaka likaishia huko mbali, ndipo akamalizia kwa sauti ya chini: “Munganga, na mimi je?” Hatukurudia. Ndiyo iliyobaki kwenye filamu.

Filamu yenyewe haifiki dakika kumi na mbili. Vifaa vyake ni simu moja, kipaza sauti cha kubana kwenye kola, shuka mbili nyeupe, benchi la kanisa na taa ya pikipiki kwa maonyesho ya usiku. Fedha tulichangishana watu wanane, na sehemu kubwa ililiwa, kwa maana halisi ya neno: huwezi kumweka mtu juani kutwa nzima aigize njaa ilhali ana njaa kweli, kwa hiyo bukari na samaki vilitugharimu kuliko vyote.

Tangu habari zienee mjini kwamba kuna watu wanatengeneza filamu juu ya wagonjwa wanavyonyanyaswa kwenye zahanati na hospitali, nimekuwa nikiambiwa mambo matatu. La kwanza: mnawachafua wauguzi, nao wenyewe ni watu wa kuonewa huruma. La pili, la wale wanaojiona wapole zaidi: tengenezeni, lakini iwe ya kuelimisha, muuguzi mkali atubu mwishoni. La tatu: kwa nini muikimbilie kazi nzito hivyo kwa simu na shuka mbili? Subirini mfadhili, mwandike mradi, mfanye kitu cha maana.

Nimeyasikiliza kwa adabu, maana wengine walioyasema ni wakubwa zangu. Sasa naomba nijibu, na sitajibu kwa upole. Maneno hayo matatu ni neno moja lililovaa mashati matatu. Yote yanaamini kwamba mgonjwa hunyanyaswa kwa sababu kuna mtu mbaya amevaa koti jeupe. Anayeogopa filamu anaogopa mtu huyo asitajwe. Anayetaka mafunzo anataka mtu huyo ahubiriwe. Anayetaka mfadhili anataka mtu huyo aigizwe vizuri, kwa taa kubwa na kamera ya kukodi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama mtu huyo yupo.

Nitaeleza nilivyoanza kumtilia shaka. Miaka kadhaa iliyopita dada yangu mdogo alijifungua katika hospitali ambayo sitaitaja. Alijifungua salama, mtoto salama, daktari akasema waende nyumbani. Hawakwenda. Bili ilikuwa haijaisha, na bila karatasi ya kutokea mlinzi hafungui geti. Alikaa siku tisa. Siku ya pili kitanda kilihitajika kwa mwingine, akatandika kikwembe chini, pembeni ya ukuta, pamoja na akina mama wengine watatu wa hali ileile. Kila asubuhi alifua nguo za mtoto kwenye bomba la uani na kuzianika kwenye ua wa michongoma karibu na geti, na mlinzi alimsalimia kwa jina. “Mama, umeamkaje?” Muuguzi wa zamu ya usiku alimletea uji kutoka kwake nyumbani, mara mbili. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemgusa. Siku tisa dada yangu alifungwa na watu wema.

Sasa niambieni, ninyi mnaotaka muuguzi mkali atubu mwishoni: katika habari hiyo, nani atubu? Mleta uji?

Haya hayakuanzia kwetu wala hayaishii kwetu. Desemba 2017 taasisi ya Chatham House ya London ilitoa ripoti nzima juu ya hospitali zinazowazuia wagonjwa wasiolipa, na Congo ilikuwamo, pamoja na Kenya, Nigeria na nchi nyingine kadhaa. Nairobi, Septemba 2015, Mahakama Kuu iliamua kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya wazazi ya Pumwani kwa sababu ya bili. Jaji Mumbi Ngugi akasema ni kinyume cha sheria. Nasi tuna Katiba ya 2006, ambayo kifungu chake cha 47 kinaahidi haki ya afya. Tumeridhia pia, tangu 1976, mkataba wa kimataifa unaokataza mtu kufungwa kwa kushindwa tu kutimiza wajibu wa makubaliano. Mlinzi wa getini hajasoma hata kimoja. Simlaumu. Amepewa ufunguo na jina la keshia.

Lakini kesi iliyonifundisha zaidi ni ya Bungoma, magharibi mwa Kenya, maana hiyo ilianza kwa picha ya simu. Agosti 2013 mama mmoja alifika hospitali ya wilaya akiwa na uchungu. Miezi michache kabla, serikali ilikuwa imetangaza kwamba kujifungua ni bure. Alipofika aliambiwa anunue pamba na dawa. Uchungu ulipozidi alitembea mwenyewe kwenda chumba cha kujifungulia, akakuta vitanda vyote vina watu. Akarudi, akaanguka njiani, akajifungulia sakafuni. Alizinduka kwa makofi na kelele za wauguzi waliomkemea kwa kuchafua sakafu. Mtu alirekodi kwa simu, na nchi nzima ikaona.

Kila aliyeona picha zile aliona makofi. Nami niliona makofi, niliwachukia wale wauguzi, na sijaacha kuamini kwamba walistahili kushtakiwa. Ila Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilipotoa hukumu, ilitazama nyuma ya makofi. Iliwaelekea serikali kuu, serikali ya kaunti na hospitali: walitangaza huduma ya bure bila kuiwekea fedha wala usimamizi, vitanda havikuwapo, dawa hazikuwapo. Mama yule akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya, na wahusika wakaamriwa wamwombe radhi. Simu ilinasa mikono miwili. Kilichokuwa nje ya picha kililetwa na mahakama, baada ya miaka karibu mitano.

Hapo ndipo penye kazi ya filamu. Simu ya mpita njia inaona kofi tu, kwa sababu kofi ndilo linalopiga kelele. Mwenye filamu ana nafasi ya kurudi nyuma: kwenye vitanda vilivyojaa, kwenye duka la dawa nje ya geti ambako mume ametumwa kununua glavu na uzi, kwenye daftari la madeni lenye jalada la bluu ambalo kila jina lina namba mbele yake. Ukitengeneza filamu ya muuguzi mkali, umefanya kazi ya ile simu, tena umefanya vibaya zaidi, kwa sababu simu angalau haikutunga.

Nina jambo jingine juu ya picha ile ya Bungoma, na hapa nawageukia vijana wa upande wangu, wanaoniambia: filamu ya nini, ingia wodini na simu mfukoni, rekodi, rusha. Mama yule alirekodiwa akiwa chini, bila fahamu, bila nguo za kutosha, bila kuulizwa. Picha ilimletea haki. Ilimletea pia macho ya watu milioni kwenye saa ambayo hata mume haruhusiwi kuingia. Mimi siwezi kumfanyia hivyo mwanamke wa Fungurume, mji ambao watu wanajuana kwa vikwembe. Kumrekodi mgonjwa bila ridhaa yake, ili kuonyesha kwamba mgonjwa haheshimiwi, ni kumwongezea mnyanyasaji. Ndiyo maana tumechagua waigizaji. Mama wa kwenye benchi letu anauza mandazi sokoni. Mimba yake ni mto.

Wengine husema: kama mambo ni mabaya hivyo, mbona wagonjwa wenyewe hawalalamiki? Jibu lipo Tanzania. Katika mkoa wa Tanga, watafiti waliwauliza akina mama walipokuwa wakitoka hospitali baada ya kujifungua kama walitukanwa, walipigwa, waliachwa peke yao au walizuiliwa. Asilimia 19 hivi walisema ndiyo. Baadhi yao wakafuatwa nyumbani wiki chache baadaye, wakaulizwa tena. Safari hii waliosema ndiyo walifika asilimia 28. Matokeo yalichapishwa 2014. Kilichobadilika ni mahali pa kuulizia: mlangoni mwa hospitali mtu hupima maneno, kwa sababu atarudi; akiwa jikoni kwake, mtoto mgongoni, husema. Filamu yetu tunaiandikia jikoni. Kila neno la kwenye benchi lilitoka kwa wanawake waliokuwa wanachambua mboga.

Narudi kwa wauguzi, maana nasikia wamekasirika. Wengi wa watumishi wa afya wa nchi hii hawajaingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Wengine wanapokea marupurupu tu, tena kwa kuchelewa, na kituo kinaishi kwa kile anacholipa mgonjwa. Hilo mnaliita sababu ya kutotengeneza filamu. Mimi naliita filamu yenyewe. Mfumo unaomweka mtu asiyelipwa amsimamie mtu asiye na cha kulipa, halafu ukaweka daftari katikati yao, hauhitaji mtu mbaya ili uzae ubaya.

Andiko letu la kwanza, lazima nikiri, lilikuwa na kosa hilohilo ninalolipiga vita. Tulikuwa na muuguzi anayefoka tangu dakika ya kwanza. Tukampelekea muuguzi mmoja mstaafu alisome. Alilisoma amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwake, akalikunja, akatutazama kama anavyotazamwa mtoto aliyepoteza chenji. “Wanangu,” akasema, “mtu hapigi kelele saa tisa za usiku bila sababu. Andikeni sababu.” Kisha akatuhesabia: wajawazito wanne, kitanda kimoja, tochi moja, glavu alizonunua yeye mwenyewe, na kwamba asubuhi mkubwa wake angemuuliza pesa ziko wapi, si watoto wangapi wamezaliwa. Tulirarua kurasa tatu. Muuguzi wa filamu sasa anafoka mara moja tu, na anayefokewa ni mlinzi.

Ninyi mnaowatetea wauguzi kwa kutaka kamera izimwe, mmewahi kumuuliza hata mmoja?

Kuhusu kusubiri mfadhili, nitasema kwa kifupi kwa sababu jambo lenyewe halina urefu. Hapa kwetu, ukisema “mfadhili” watu hugeuza shingo kuelekea mgodini, na si ajabu: mwaka 2016 hisa za asilimia 56 za mgodi wa Tenke Fungurume ziliuzwa kwa dola bilioni 2.65, na sheria ya madini ya 2018 inazidai kampuni asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Fedha ziko. Sina neno baya kwa anayezitumia kujenga kisima au shule. Lakini filamu si kisima. Tuliwahi kupeleka andiko kwa shirika moja, silitaji, likaturudisha na maelekezo mazuri yenye adabu: onyesho la keshia lipunguzwe, muuguzi aombe msamaha, na mwishoni mgonjwa awashauri watazamaji wafike kituoni mapema. Soma hapo tena. Mgonjwa awashauri watazamaji. Aliyezuiliwa siku tisa ndiye mwenye makosa, kachelewa kufika.

Anayelipia filamu hununua mwisho wake. Sisi tumekula bukari yetu, na mwisho ni wetu.

Na msiseme umaskini wa vifaa huzaa kazi mbovu. Mwaka 2008 Kiripi Katembo aliweka simu ndani ya kigari cha maboksi cha mtoto, kikaburutwa kwa kamba mitaani Kinshasa, na kupitia tundu la kigari hicho tukauona mji ambao kamera kubwa isingeruhusiwa kuuona. Miaka miwili baadaye filamu nne fupi za Wakongo ziliunganishwa na kupelekwa tamasha la Berlin kwa jina la Congo en quatre actes. Mojawapo, ya Kiripi huyohuyo, ilikuwa juu ya Kipushi, mji wa mgodi wa huku kwetu kusini, watu wanavyoishi na uchafu uliobaki mgodi ulipomaliza kula. Nyingine iliitwa Dames en attente, yaani mabibi wanaosubiri, ya Dieudo Hamadi na Divita Wa Lusala. Inahusu nini? Wodi ya wazazi, akina mama waliojifungua na hawaruhusiwi kutoka mpaka walipe, na mazungumzo yao na uongozi, mmoja baada ya mwingine, kama sokoni. Hakuna mtu mbaya ndani yake. Hamadi alikuwa amesomea mambo ya tiba kabla ya kushika kamera, na nadhani ndiyo maana hakutafuta wa kumnyooshea kidole. Na Lubumbashi, Frank Mukunday na Tétshim walitengeneza Machini, ya 2019, kwa mawe na chaki, juu ya hewa na maji ya mji wa viwanda. Mawe na chaki! Na wewe unaniambia nisubiri taa.

(Kiripi alifariki Agosti 2015, ana miaka 36. Malaria.)

Kuna faida nyingine ya udogo, nayo ni lugha. Mwaka huohuo wa 2015 filamu ya Thierry Michel juu ya daktari Mukwege wa hospitali ya Panzi ilipigwa marufuku nchini kwa wiki kadhaa, na mojawapo ya malalamiko ya waziri Lambert Mende ni kwamba maneno ya mashahidi yalitafsiriwa vibaya. Ugomvi juu ya tafsiri unawezekana pale tu ambapo filamu imetengenezwa kwa ajili ya watu wasiojua lugha ya wanaosema. Yetu ni Kiswahili cha hapa tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na Kifaransa cha risiti. Asiyeelewa atamuuliza jirani yake.

Mwisho, kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ina uzito, nami sitaikwepa. Kama tatizo ni fedha na mpangilio, filamu itafanya nini? Burundi, Mei 2006, serikali ilifuta malipo ya kujifungua na ya matibabu ya watoto chini ya miaka mitano. Wauguzi walikuwa walewale wa Aprili. Hawakuhubiriwa, hawakutubu, amri ilibadilika, na mzazi akaanza kutoka getini na mtoto wake. Ni kweli pia kwamba wodi zilifurika na dawa zikaisha, kwa hiyo sijidanganyi kwamba amri inatosha. Kwetu, mpango wa kujifungua bure ulizinduliwa Kinshasa Septemba 2023 na kuanza kusambazwa mikoani kwa awamu. Mimi simdai muuguzi wa Fungurume roho nzuri, anayo. Nadai watu wajue kuuliza swali kwenye mlango unaostahili: badala ya “kwa nini unanifokea?” waulize “bili hii ya nini, na nani aliipanga?” Mtu hawezi kuuliza swali ambalo hajawahi kuliona likiulizwa. Sisi tumemweka mama wa mandazi kwenye benchi aliulize mbele ya mtu huyo, kwa sauti ya kawaida, lori likishapita.

Limebaki onyesho moja, la dirisha la malipo usiku. Tunahitaji mama wa makamo anayejua kuhesabu noti haraka bila kuzitazama, na tungependa awe amewahi kukaa upande wa ndani wa dirisha hilo. Malipo ni chakula. Taa ya pikipiki tunayo. Koti aje nalo.